Mguu Umekatwa, Lakini Unauma

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Mtu aliyekatwa mguu anaweza kukuambia kwamba vidole vya mguu ule vinamwungua usiku. Usimcheke, wala usimpeleke kwa mfumu. Kigutu kimepona, lakini mishipa ya fahamu iliyokatwa bado inapeleka habari, na ubongo ungali unauhesabu mguu mzima. Ambroise Paré, mpasuaji wa askari wa Ufaransa, aliyaandika maumivu haya tangu miaka ya 1500.

Mimi mwenyewe nilikosea. Mgonjwa mmoja hapa Salamabila nilimpa parasetamoli wiki nyingi, nikamwambia: «Mguu haupo, utaumaje?» Akaacha kuja. Kumbe alikuwa akinunua tramadoli sokoni, kapsuli moja, mbili, kisha nne kwa siku. Daktari akamwandikia amitriptilini. Jirani akamwambia mkewe kwamba hiyo ni dawa ya wazimu, na vidonge vikatupwa chooni.

Nasema wazi: si dawa ya wazimu. Ilianza kutumiwa kwa ugonjwa wa huzuni nzito, ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo, miligramu 10 au 25 wakati wa kulala, hutuliza mishipa ya fahamu. Haifanyi kazi kwa siku moja. Ngoja wiki mbili mpaka nne. Kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, na asubuhi kichwa kinaweza kuwa kizito: siku hizo usiendeshe mashine. Usinywe lutuku. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa macho aseme kwanza. Mama, vifungie vidonge mbali na watoto, kwani vichache tu vinaweza kumwua mtoto.

Si kila mtu inamsaidia. Iko pia gabapentini, ambayo daktari huipima kwa hali ya figo. Wengine hupata nafuu kwa kioo kilichosimamishwa kati ya miguu: unautazama mguu mzima ndani yake, unaukunja na kuunyosha polepole. Kioo hakina bei kubwa.

Tramadoli ni dawa ya kweli mkononi mwa daktari. Ya sokoni hujui nguvu yake, na ikichanganywa na amitriptilini inaweza kuleta kifafa. Lakini kama umekwisha kuizoea, usiikate ghafula. Njoo dispanseri na vidonge vyote ulivyonunua, tuvitazame pamoja. Sitakugombeza.