Mji wa Marekani unaotamkwa "Kero"



Leo naomba tuvuke bahari kidogo. Nilikuwa nimekaa kwenye kompyuta ya kukodi, dakika zinahesabika, nikafungua picha za satelaiti nikaufuata mto Mississippi kutoka kaskazini kwenda kusini. Nikafika ncha ya chini kabisa ya jimbo la Illinois, pale Mississippi inapokutana na mto Ohio. Kwenye picha maji yana rangi mbili, yanakwenda sambamba kama watu waliogombana. Na hapo juu kidogo ya maungano kuna mji unaitwa Cairo. Wameuita kwa jina la ule wa Misri, lakini wenyeji wenyewe wanautamka "Kero". Sicheki, ndivyo wanavyoutamka. Mkimaliza kusoma mtaona jina limekaa mahali pake.

Tuliopita kidato cha tatu tunakumbuka mwalimu wa Jiografia alivyotukaririsha bonde la mto Tennessee. Basi Tennessee unamwaga maji yake kwenye Ohio, na Ohio unafika Cairo ukiwa na maji mengi kuliko hata Mississippi yenyewe. Mwalimu alitufundisha pia kwamba miji hukua pale mito inapokutana. Kwa hesabu hiyo Cairo ilipaswa kuwa jiji kubwa. Na waanzilishi wake waliamini hivyo hivyo.

Sasa tazama takwimu za sensa. Mwaka 1920 watu 15,203. Mwaka 2000 watu 3,632. Mwaka 2010 watu 2,831. Mwaka 2020 watu 1,733 tu! Wilaya yake, Alexander, ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya watu kati ya 2010 na 2020, na hakuna wilaya nyingine Marekani nzima iliyopungua kwa asilimia kubwa kuliko hiyo. Yaani nchi tajiri kuliko zote ina mji unaokatika kama mshumaa. Kulikoni?

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara. Reli ya Illinois Central ilifika Cairo miaka ya 1850, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Jenerali Grant akapafanya kambi yake mwaka 1861. Watu weusi kwa maelfu waliokimbia utumwa kusini walipita hapo, wengine wakabaki. Mji uliishi kwa sababu kila kitu lazima kishuke: mizigo ishuke kwenye treni, ipande kivuko, abiria walale, wale. Mwaka 1889 likajengwa daraja la reli juu ya Ohio. Baadaye madaraja ya magari, mwaka 1929 na 1938. Mwaka 1978 barabara kuu ikapata daraja lake pembeni, madereva wakawa hawana haja ya kuingia mjini kabisa. Mji wa kushusha mizigo ukageuka mji wa kupitwa.

Lakini hapo tusidanganyane. Paducah iko jirani, mto huo huo wa Ohio, na ina watu takribani 27,000. Cape Girardeau iko kwenye Mississippi, ina zaidi ya 39,000. Nazo zilipoteza biashara ya meli za mvuke. Zikatafuta kazi nyingine: Paducah ilipata kiwanda cha urani miaka ya 1950, Cape Girardeau ina chuo kikuu. Kwa hiyo daraja peke yake halikuua Cairo.

Sababu ya pili ni ya watu wenyewe. Mwaka 1909 mtu mweusi aliyeitwa Will James aliuawa hadharani mbele ya maelfu ya watu waliojaa mtaani kushangilia. Mwaka 1962 vijana, akiwemo John Lewis aliyekuja kuwa mbunge, waliandamana kwa sababu bwawa la kuogelea lilikuwa la wazungu tu. Mnajua wenye nalo walifanya nini? Walilifunga, na baadaye likamwagiwa zege. Bora wote wakose kuliko kuogelea pamoja.

Mwaka 1967 askari kijana mweusi aliyekuwa likizo, Robert Hunt, alikutwa amekufa kwenye mahabusu ya polisi. Polisi wakasema kajinyonga, weusi hawakukubali, mji ukawaka moto. Mwaka 1969 wakaanza kugoma kununua kwenye maduka yasiyoajiri weusi, wakiongozwa na mchungaji Charles Koen. Mgomo ukaendelea kwa miaka. Wapo wenye maduka waliofunga kabisa kuliko kumweka dada mmoja mweusi kaunta. Umeona? Ni bwawa lile lile, safari hii limemwagiwa zege mtaa mzima wa biashara.

Baada ya hapo ni kuporomoka tu. Hospitali ilifungwa 1986. Duka pekee la vyakula lilifungwa 2015. Mwaka 2017 serikali kuu ikatangaza kubomoa nyumba za umma za Elmwood na McBride zilizoachwa zioze, na watu wapatao 400, wengi wakiwa watoto, wakaambiwa watafute pa kwenda.

Kabla ya hapo, Mei 2011, mto ulipanda mpaka futi 61. Jeshi la wahandisi likaamua kulipua tuta la Birds Point upande wa Missouri ili maji yapungue Cairo. Missouri ilikimbilia mpaka Mahakama Kuu ya nchi, ikashindwa. Ekari 130,000 za mashamba zikazama. Spika wa bunge la Missouri alipoulizwa azame nani, mashamba au Cairo, alichagua Cairo, baadaye akaomba radhi. Lakini wengi hawajui kwamba maji yale yaliangamiza pia Pinhook, kijiji kidogo cha wakulima weusi. Kwa hiyo maskini mmoja aliokolewa kwa kuzamishwa maskini mwingine.

Juni 2023 wakazi walifungua duka la ushirika, na halikuchukua muda likaanza kuyumba. Mimi siwacheki, nawaheshimu. Kujaza rafu kwenye mji wa watu 1,700 si mchezo. Serikali ya Illinois nayo iliahidi dola milioni 40 mwaka 2020 kwa ajili ya bandari mpya ya mto. Bandari ni jambo jema, maana mahali ni pale pale na mito haijahama. Ila mahali pazuri walikuwa napo tangu mwanzo. Kilichowashinda ni kukaa meza moja.

Hoja yangu ni hii: tunapohesabu utajiri wa mji tunahesabu mto, reli na bandari, tunasahau kuhesabu nani anaruhusiwa kuuza kaunta. Cairo ilijifungia mlango yenyewe, halafu ikashangaa wageni hawaji.

Haya, mimi nimemaliza na dakika zangu zimekwisha. Nyie mnasemaje, mji unauawa na daraja au na roho mbaya?