Nyumba Nzima, Mkataba Nusu: Upangaji wa Nyumba Majoreni na Dhima ya Kiswahili

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii ilinijia akilini likizo iliyopita nilipokuwa kwetu Majoreni, Kaunti ya Kwale. Mjomba wangu alinikabidhi karatasi tatu zilizopigwa chapa kwa Kiingereza, akasema: "Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu. Nisomee. Nilitia sahihi mwaka jana, leo naambiwa nimevunja sharti."

Kisa chenyewe ni kifupi. Mjomba alimjengea mwanawe nyumba ya vyumba vitatu. Kijana alipopata kazi Mombasa, nyumba ikabaki tupu. Dalali akaleta mtumishi wa serikali na aila yake, wakapanga nyumba nzima. Uani mna minazi mitano. Msimu ulipowadia mjomba akaja kuangua nazi zake kama ilivyo ada. Mpangaji akamwonyesha karatasi: nyumba pamoja na ua wake wote ilikuwa chini ya mpangaji peke yake hadi muda wa mkataba ukamilike. Mpangaji hakuwa mwongo, kwa kuwa karatasi ilisema hivyo. Mjomba naye hakuwa mwizi, kwa kuwa mila ilisema hivyo. Wakaacha kuamkiana. Mwisho wa mwezi aila ile ilihama, watoto wakabadilishwa shule katikati ya muhula, na nyumba ikakaa tupu miezi minne.

Makala haya yanadhamiria kutetea hoja moja: mkataba wa kupanga nyumba katika sehemu zetu hauna budi kuandikwa kwa Kiswahili, na kazi hiyo yatuhusu sisi tusomao lugha hii.

Kwanza, tutazame mabadiliko yenyewe. Hapo zamani kupanga katika miji ya pwani kulimaanisha kupanga chumba. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku na ua nyuma, iliweza kuwa na wapangaji watano au sita waliotumia jiko moja na choo kimoja. Vijijini mambo yalikuwa tofauti zaidi: mgeni alipewa chumba, wala hakutozwa kitu. Leo mambo yamegeuka. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, walimu, wauguzi na maafisa wengi wametumwa katika vijiji vya Lunga Lunga na Msambweni. Barabara ya Dongo Kundu nayo imewawezesha watu kutoka Kwale hadi Mombasa bara pasi na kungoja kivuko cha Likoni. Watu hawa huja na wake, waume na watoto. Wanataka stara: mlango wao, jiko lao, ua wao. Hawataki kujenga, maana huenda kesho wakahamishwa. Tumeyaona hayo pia kwa waliofuata kazi katika machimbo ya titani ya Kwale, ambayo shughuli zake za uchimbaji zilikoma mwishoni mwa mwaka 2024. Kwa watu wa namna hii, kupanga nyumba nzima ni busara wala si anasa. Kwa mwenye nyumba pia ni heri, kwani mpangaji mmoja mwenye mshahara ni afadhali kuliko nyumba inayoliwa na mchwa.

Kwa hivyo siupingi upangaji huu. Ninachokipinga ni kuuingia gizani.

Pili, tuitazame sheria. Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, huwakinga wapangaji ambao kodi yao haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba vitatu yenye stima na maji ni nadra kupatikana kwa kiasi hicho. Maana yake ni kwamba anayepanga nyumba nzima mara nyingi hutoka nje ya kinga hiyo, na ngao yake ya karibu inakuwa ule mkataba alioutia sahihi. Ikiwa ngao hiyo imeandikwa kwa lugha ambayo mmoja wa wahusika haielewi, basi ni ngao ya upande mmoja.

Huko Marekani, baada ya msukosuko wa kifedha wa mwaka 2008, makampuni makubwa yalinunua maelfu ya nyumba za aila moja moja na kuzipangisha. Mpangaji wa huko anaweza kuishi miaka bila kumjua mwenye nyumba, nao uhusiano wao wote umo katika maandishi. Majoreni mwenye nyumba ni jirani, hukutana na mpangaji wake msikitini na sokoni. Tumeazima karatasi ya watu wasiojuana tukaitumia baina ya majirani.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha hoja, mkataba wa kunakiliwa hauzijui milki zetu. Katika pwani yetu, ardhi, nyumba na miti vyaweza kuwa na wenyewe watatu mbalimbali. Mombasa wako watu wengi wenye nyumba juu ya viwanja wasivyovimiliki, wakimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Mnazi nao huweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rehani pasi na udongo uliooteshwa. Msamiati huu upo katika vinywa vya wazee wetu, lakini hauna nafasi katika ile karatasi ya Kiingereza iliyoyameza yote kwa neno moja. Mjomba alipoambiwa anapangisha "nyumba", alielewa kuta na paa. Karatasi ilielewa kila kilichomo ndani ya ua.

Wako watakaosema kuwa Kiswahili hakina istilahi za sheria. Dai hili halina mashiko. Tunayo maneno mpangaji, mpangishaji, arbuni, amana, mdhamini, ilani na rehani. Wenzetu wa Tanzania, ambao kutoka Lunga Lunga ni hatua chache tu, huandika mikataba ya pango kwa Kiswahili, na mwaka 2021 walibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Nasi Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Hata hivyo, tusijidanganye kuwa kutafsiri kunatosha. Chukua neno "kodi". Ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na pia ni malipo ya raia kwa serikali. Tangu Januari 2024, mpangishaji ambaye mapato yake ya nyumba yamezidi shilingi 288,000 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya mapato hayo. Mkataba ukisema tu kwamba "kodi italipwa na mpangaji", ni kodi ipi? Yafaa tuandike "kodi ya nyumba" na "kodi ya mapato" bayana, au tuazime neno "pango" la Watanzania. Hii ndiyo kazi ya isimu na istilahi tunayofundishwa darasani.

Ninapendekeza chama chetu kiandae kielelezo cha mkataba cha kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza utaje kinachopangishwa na kisichopangishwa: minazi, miembe, kisima, njia ya majirani na makaburi, kama yamo. Ukurasa wa pili utaje malipo, matengenezo na muda wa ilani. Rasimu isomwe mbele ya wazee na wapangaji, kisha wakili aipitie kabla ya kugawiwa watu.

Mjomba amepata mpangaji mwingine. Safari hii tuliketi sote watatu barazani, tukaandika kwa Kiswahili kwamba nazi za minazi miwili ni za mpangaji na za mitatu ni za mwenye nyumba. Kila mmoja alisoma kwa sauti, kisha akatia sahihi. Hatukuhitaji zaidi ya saa moja. Je, sisi wenye maktaba na wahadhiri tutashindwa na lipi?