Msiufute Msalaba Ule

Juzi katika somo la historia tulionyeshwa picha za helikopta za Marekani katika vita vya Vietnam. Helikopta za mashambulizi za kombania ya 174 zilichorwa meno ya papa kwenye pua, ati ziwatishe maadui. Darasa zima lilishangilia, na mimi sikuachwa nyuma.

Kisha ikaja picha ya helikopta nyingine aina ya Huey, rangi ya kijani cha kijeshi, haina meno. Puani na milangoni ilikuwa na mraba mweupe wenye msalaba mwekundu. Hiyo ilibeba majeruhi. Mwenzetu mmoja akadakia, "Huko ni kujichorea shabaha! Bora wangeufuta." Wengi walimuunga mkono. Mimi napinga.

Kwanza, alama ile si pambo. Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka ndege za matibabu ziwe na nembo hiyo juu, chini na ubavuni, na unakataza kuzishambulia zikifuata njia na nyakati zilizokubaliwa na pande zote.

Mtasema, mbona zilipigwa risasi? Ni kweli, zilipigwa. Mnamo Julai 1, 1964, Meja Charles Kelly, kiongozi wa kikosi cha helikopta za majeruhi, aliambiwa aondoke kwa kuwa risasi zilizidi. Akakataa kuwaacha majeruhi, akauawa. Lakini jamani, kosa ni la alama au la mfyatuaji? Mwizi akivunja mlango, kwani sisi huacha kuweka milango?

Pili, msalaba humfunga hata aliyeuchora. Helikopta yenye nembo hiyo haifai kubebeshwa risasi za kwenda vitani. Ukiufuta, nani atatofautisha mwokoaji na muuaji, na zote ni za kijani?

Tatu, mfikirie aliyelala kwenye tope, damu inamtoka. Helikopta hizo zilibeba hata raia wa Vietnam. Mama mwenye mtoto aliyejeruhiwa akisikia mngurumo angani, atajuaje kama akimbie au apunge mkono?

Meno ya papa yanapendeza kwenye picha, sikatai. Lakini meno hayaahidi mtu chochote. Msalaba unaahidi, na wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Tuwalaumu wanaokataa kulilipa, si rangi. Mwenye kunipinga, tukutane kwenye mdahalo!