Dawa ya Deni Haiuzwi Sokoni



Wazee walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Lakini siku hizi wako watu wanaopita sokoni, na wengine hupiga simu, wakisema kuwa wanayo dawa nyingine. Husema hivi: "Nipe Shs. 3,000/- na kitambulisho chako, nami nitalifuta jina lako katika CRB kwa siku mbili." Maoni yetu ni kwamba usimpe mtu huyo hata senti moja, na sababu zake ni hizi.

CRB ni shirika linalotunza habari za mikopo. Yako mashirika kadha ya namna hii, kama vile Metropol, TransUnion na Creditinfo, nayo hupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya. Mashirika haya hayabuni habari zako. Huletewa habari hizo na benki au mkopeshaji mwingine uliyekopa kwake. Basi ikiwa ni kweli hukulipa, hakuna mtu wa sokoni awezaye kuzifuta. Hata ukimaliza kulipa, habari za kuchelewa kwako huweza kutunzwa miaka 5 tangu siku uliyomaliza, ila zitaonyesha kwamba umelipa. Jambo hili ni chungu, lakini ni afadhali ulijue.

Tuseme mkulima alikopa Shs. 20,000/- anunue ng'ombe. Maziwa yakapungua, akashindwa kulipa. Kwa kuona haya akajificha, simu hapokei. Kisha akampa mlaghai Shs. 3,000/-, pamoja na kitambulisho na namba yake ya siri. Amepata faida gani? Deni liko vile vile, riba inaongezeka, na yule mlaghai aweza kukopa tena kwa jina lake. Kama zile Shs. 3,000/- angalimpelekea mkopeshaji, deni lingalipungua.

Wengine watasema, "Wakopeshaji hawatusikilizi." Ni kweli kwamba wako walio wagumu. Lakini mkopeshaji apenda kupata kidogo kidogo kuliko kukosa vyote. Nenda kwake mapema, kabla siku ya malipo haijapita. Chukua karatasi zako za maziwa, majani chai au kahawa, umwonyeshe fedha zako huingia mwezi gani, na umwombe apange malipo yafuate miezi hiyo. Mkikubaliana, andikeni, nawe utunze nakala.

Tena yafaa ujue haki zako:

(1) Kabla jina lako halijapelekwa CRB kwa ubaya, mkopeshaji yampasa akupe habari siku 30 mbele.

(2) Kwa kanuni za mwaka 2020, deni lisilofika Shs. 1,000/- halipelekwi huko kwa ubaya.

(3) Kila mwaka waweza kupata taarifa yako mara moja bila malipo. Isome vizuri. Ukiona deni usilolijua, au ulilokwisha lipa, mwandikie CRB mwenyewe, ukitia nakala za stakabadhi zako. Kwa kazi hiyo huhitaji wakala.

(4) Tangu mwaka 2007, sheria ya mabenki yakataza riba ya mkopo ulioacha kulipwa kuzidi deni la msingi lililokuwa limebaki wakati huo. Ukiona deni la benki limepanda kupita kiasi, uliza hesabu yake.

(5) Kanuni za mwaka 2022 zawakataza wakopeshaji wa simu kukutisha, kukutukana, au kuwapigia simu jamaa na rafiki zako bila idhini. Wakifanya hivyo, peleka malalamiko Benki Kuu.

Walaghai hawa hawana nguvu yoyote ila ile wanayoipata katika haya yetu. Mtu aonaye haya hutafuta njia ya siri, na katika njia ya siri ndiko wanakomngojea. Kudaiwa si uhalifu. Mvua hukosa, ng'ombe hufa, bei huanguka. Linaloharibu shamba ni kunyamaza. Mwambie mke wako, au mume wako, mkae na daftari na kalamu, mwandike kila deni: la nani, kiasi gani, na hulipwa lini. Kisha nendeni kwa mkopeshaji mchana, kwa mlango wa mbele.