Moto wa shamba, permi yake iko wapi?

Ndugu mtumikaji, nawe mama wa nyumba, leo nina ulizo moja kwenu.

Kazini, mtu wa kuunganisha chuma hawezi kuwasha moto wake mbele ya kupata karatasi tunayoita permi ya moto. Kapita anakuja kwanza kuona mahali. Kuna mafuta hapa? Kuna mbao ama matambara? Kila kitu kinachoweza kuwaka kinaondolewa mpaka mita 10 kuzunguka. Chupa ya kuzima moto inawekwa karibu. Na kazi ikiisha, mtu anabaki kuangalia saa 2 nzima, kwa sababu cheche inaweza kulala ndani ya vumbi kisha ikaamka. Karatasi ile ni ya siku ile na ya mahali pale tu.

Basi siku ya yenga mtu yule yule anafika shambani, barabara ya Kasenga ama ya Kipushi, anatoa kiberiti mfukoni, anatia moto katika majani, anakwenda zake kupumzika chini ya mti. Permi yake iko wapi?

Sisemi hivi kwa kuwacheka wengine. Mwaka mmoja, mwezi wa kenda, saa sita mchana, mimi mwenyewe niliwasha majani ya shamba langu, mimi niliyetia sahihi permi nyingi kazini. Upepo uligeuka. Moto uliruka njia ya miguu, ukaingia kwa jirani yangu, mama mjane. Ukala mihogo yake na miti aliyokwisha kupanga kwa kuchoma makala. Tulipiga moto kwa matawi mabichi mpaka jioni. Mama hakunitukana. Aliniuliza tu: «Baba, ku kazi kwenu munawashaka moto hivi?» Mihogo na miti nililipa. Ulizo lile sikulijibu.

Wengine watasema: babu zetu waliunguza pori tangu zamani, na pori lingaliko. Ni kweli. Lakini mwezi gani? Mwezi wa tano na wa sita majani yangali na maji kidogo, moto unakwenda polepole, na umande wa usiku unaupunguza nguvu. Mwezi wa nane na wa kenda majani yamekauka kama karatasi, tena ndipo miti yetu ya miombo inapotoa majani mapya kungojea mvua. Moto wa wakati ule unaunguza machipukizi. Ndola, ng'ambo ya mpaka, Zambia, walianza kujaribu jambo hili mwaka 1933. Sehemu moja ya pori waliiunguza mwanzo wa kiangazi, nyingine mwisho wake, mwaka kwa mwaka. Ya kwanza ilibaki pori. Katika ya pili miti mikubwa karibu yote ilikwisha, yakabaki majani. Viwavi, uyoga na makala mtavitafuta wapi mahali pasipo mti? Na vijana wanaounguza kilima kizima kwa ajili ya panya watano, wazazi wao wako wapi?

Kwa hiyo nasema: tuchukue permi ile ya kazini, twende nayo shambani. Omba ruhusa kwa mkubwa wa kijiji, wapashe majirani siku yenyewe. Lima njia tupu kuzunguka shamba lote. Ungoje upepo utulie, uwe na watu, maji na matawi, watoto wakae mbali. Usiondoke moto ungali na moshi. Ikiwa mwezi wa nane umefika na hujaunguza, basi shika jembe, ufukie majani udongoni, yatakuwa mbolea.

Ninyi mnaolala mtoni kuvua samaki, moto wenu wa usiku uumwagie maji, mkoroge majivu, mmwage tena, mpaka mkono uliowekwa karibu usisikie joto.

Mtu akiungua, tia mahali pale maji safi ya baridi yanayopita, dakika 20. Hapana mafuta, hapana dawa ya meno, hapana matope. Kisha mpelekeni lopitalo.

Mwaka uliofuata niliunguza mwezi wa tano, asubuhi. Nilimpasha mama jirani siku tatu mbele. Alikuja na ndoo yake, akasimama pembeni mpaka moshi ulipokwisha.