Hoteli ya Nyota Tano na Mizani ya Mwananchi

Wakaguzi wa hoteli wana mizani yao. Hupima upana wa chumba, ubora wa godoro, idadi ya migahawa, kasi ya lifti, usalama wa ngazi za dharura na uwezo wa mpokezi kuzungumza na mgeni kwa lugha anayoielewa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli kwa nyota, kuanzia moja hadi tano. Sina ugomvi na mizani hiyo. Mgeni anayelipa fedha yake ana haki ya kujua atalala wapi na atakula nini.

Lakini yupo mtu mwingine mwenye haki ya kuipima hoteli ya kifahari iliyosimama katikati ya jiji, ingawa huenda asilale humo hata usiku mmoja. Huyo ni mwananchi. Hoteli imekaa juu ya ardhi ya taifa, inaajiri watoto wake na inanunua, au hainunui, mazao yake. Zaidi ya hayo, mara nyingi mteja mkubwa wa kumbi zake ni serikali yake mwenyewe. Basi katika makala hii napenda tuipime hoteli ya biashara kwa mizani ya mwananchi.

Tuanze na mfano ambao kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyopo Mtaa wa Kivukoni ikiitazama bandari, ilifunguliwa mwaka 1965, miaka minne tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Mjini tayari palikuwa na New Africa, iliyorithi mahali pa Kaiserhof ya Wajerumani. Katika enzi ya ukoloni Mwafrika aliingia katika hoteli za namna ile akiwa amebeba sinia au mzigo wa mgeni. Taifa changa lilipojenga hoteli yake ya kisasa, lilitaka pia kusema kwamba Mwafrika sasa ni mwenyeji katika mji wake, anapokea wageni wa dunia na anaweza kuketi nao meza moja. Tukisahau maana hiyo tutashindwa kuelewa kwa nini wazee wa mji huu bado hulitaja jina la Kilimanjaro kwa fahari.

Baadaye hoteli hiyo ikawa chini ya shirika la umma la utalii. Yaliyoyapata mashirika mengi ya umma katika miaka ya 1980 yanafahamika: uhaba wa fedha za kigeni, vipuri visivyopatikana, majengo yasiyokarabatiwa. Ulipowadia ubinafsishaji, hoteli ikachukuliwa na mwekezaji kutoka Dubai, ikakarabatiwa kwa kiwango kikubwa na kufunguliwa upya mwaka 2006 chini ya kampuni ya Kempinski. Leo inaendeshwa kwa jina la Hyatt Regency. Kwa mizani ya jengo na huduma, ni lazima tukiri kwamba ubinafsishaji uliifufua. Anayedai turudi tulikotoka hana budi kueleza kwanza nani atalipia mabomba na lifti.

Hata hivyo, mizani ya mwananchi haiishii kwenye jengo. Nitataja vipimo vinne. Ninayoyasema kuanzia hapa yanahusu hoteli zote za daraja hili katika miji yetu, wala siilengi hoteli yoyote moja.

Kipimo cha kwanza ni mlango. Hoteli ya kifahari haiwezi kuwa stendi ya daladala, na ukaguzi wa usalama ni jambo la lazima. Lakini kuna tofauti kati ya kumkagua mtu na kumdadisi kana kwamba amepotea njia. Walinzi wengi wamefundishwa kusoma viatu kabla ya kusoma kitambulisho. Bei nayo ni mlango. Kwa miaka mingi hoteli zetu zilitangaza bei kwa dola, hata kwa Mtanzania anayelipwa kwa shilingi, naye akabaki kukokotoa kiwango cha kubadilishia fedha ndani ya nchi yake. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 sasa zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangaziwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyoainishwa. Hiyo ni hatua njema, na wajibu wa kuisimamia haupaswi kuachiwa mteja anayebishana peke yake kaunta.

Kipimo cha pili ni kazi. Shuka jeupe lililonyooshwa bila kunyanzi ni kazi ya mikono ya mtu. Mtu huyo huamka Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri, hupanda magari mawili, na anapomaliza zamu ya usiku hulazimika kutafuta usafiri wa kumrudisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko wazi: saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, kazi ya ziada isizidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, na anayefanya kazi usiku apate nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Chama cha wafanyakazi wa sekta hii, CHODAWU, kipo kwa ajili hiyo. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya kazi za hoteli siku hizi hutolewa kwa wakala: walinzi, wafua nguo, watunza bustani, wahudumu wa siku za sherehe. Mtu huvaa sare yenye nembo ya hoteli, lakini anapodai haki yake huambiwa mwajiri wake yuko ofisi nyingine. Nyota za hoteli hazihesabu jambo hili. Mkaguzi wa kazi anapaswa kulihesabu.

Kipimo cha tatu ni jiko. Soko la samaki la Feri liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hoteli kubwa za Kivukoni na Posta. Mboga za Lushoto, viazi vya nyanda za juu kusini na parachichi za Njombe hufika Dar es Salaam kila siku. Kwa nini basi hoteli ya hadhi hupendelea kuagiza nje au kununua kwa mawakala wachache? Jibu halihusu uzalendo peke yake. Mpishi mkuu anahitaji nyanya za ukubwa uleule Jumatatu na Ijumaa, risiti ya mashine ya EFD, gari lenye ubaridi, na muuzaji anayeweza kungoja malipo kwa wiki kadhaa. Mkulima mdogo akiwa peke yake hawezi hata moja kati ya hayo manne. Akiwa ndani ya ushirika imara wenye ghala la baridi na mkataba, anaweza yote. Halmashauri zetu huwahimiza wakulima walime kwa tija, kisha huwaachia sokoni bila daraja la kuwafikisha kwenye meza inayolipa vizuri.

Kipimo cha nne, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni hazina ya umma. Tazama ubao wa matangazo katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli yoyote ya biashara siku ya kazi. Utasoma warsha ya wizara, kikao kazi cha wakala, mafunzo ya mradi, mkutano wa wadau. Ukumbi mmoja unajadili utapiamlo na wa pili unajadili matundu ya vyoo vya shule, huku chakula cha mchana kikisubiri chini ya vifuniko vya fedha. Asasi za kiraia na vyuo vikuu navyo vimo katika orodha hiyo, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kuwanyooshea wengine kidole kwa raha.

Lawama nyepesi ni kusema kwamba watumishi wanapenda anasa. Mimi nadhani chanzo ni mpangilio wa fedha. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na fungu lisilotumika hurudi Hazina. Hivyo Mei na Juni huwa miezi ya warsha. Pili, mtumishi anayefanya mkutano nje ya kituo chake cha kazi hulipwa posho ya kujikimu. Akifanyia ofisini kwake hapati. Ndiyo maana kikao cha watu wa Dar es Salaam hupelekwa Bagamoyo au Morogoro, na tangu serikali ihamie Dodoma, kikao cha watu wa Dodoma hushuka Dar es Salaam. Tatu, mfadhili wa mradi mara nyingi huona ni rahisi kulipa ankara moja ya hoteli kuliko kukagua risiti ishirini za mama lishe. Mtumishi mwenye mshahara mdogo na karo za watoto anapoona njia hiyo iko wazi, ni vigumu kumshawishi kwa mahubiri aiache.

Tumewahi kujaribu dawa kali. Mwishoni mwa mwaka 2015 Rais John Magufuli alielekeza fedha za hafla ya ufunguzi wa Bunge zinunue vitanda vya Hospitali ya Muhimbili, na taasisi za serikali zikaagizwa kufanyia mikutano katika kumbi za umma. Wananchi wengi walishangilia. Wenye hoteli walilalamika kupungukiwa wateja, na kilio chao hakikuwa cha mzaha, kwa maana chumba kisipolala mtu wa kwanza kupunguzwa ni mhudumu. Lakini udhaifu mkubwa wa dawa ile ulikuwa mwingine. Ilitegemea sauti ya mtu mmoja. Muundo wa posho haukuguswa, wala haukuwekwa utaratibu wa kudumu wa kumwonesha mwananchi kila mkutano umegharimu kiasi gani. Hofu ilipopungua, ubao wa mapokezi ukajaa tena.

Upo utetezi ambao hatuna budi kuusikiliza. Watumishi husema kumbi za serikali zina vipaza sauti vinavyokwaruza, vyoo visivyo na maji na intaneti inayokatika. Mara nyingi ni kweli. Lakini Dar es Salaam ina Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere, kilichofunguliwa mwaka 2013, na ina Karimjee, ukumbi uliolihifadhi Bunge letu la kwanza. Vyuo vyetu vina kumbi zinazokaa tupu wakati wa likizo. Ukumbi wa umma huchakaa kwa sababu fedha ambazo zingeutengeneza hulipwa kodi ya siku mbili kwingineko, na kwa kuwa umechakaa, tunapata sababu ya kwenda kwingineko tena. Mduara huo utakatwa tukiamua kwamba taasisi ya umma inayokodi ukumbi binafsi ieleze kwanza kwa maandishi ni ukumbi gani wa umma iliouomba na kwa nini haukufaa.

Nipendekeze mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kila taasisi itangaze kila robo mwaka mikutano iliyoifanya nje ya majengo yake: mada, mahali, gharama ya ukumbi, ya chakula, ya posho, na uamuzi uliotokana na mkutano huo. Pili, posho ya kujikimu ilipwe pale tu inapothibitika kwamba kazi yenyewe isingeweza kufanyika kituoni au kwa njia ya video. Nafuu itakayopatikana iingie katika mishahara, kwani kumnyang'anya mtumishi posho bila kutazama mshahara wake ni kumwonea. Tatu, hoteli inayotaka biashara ya serikali ioneshe inavyotii sheria za kazi, wakiwemo wafanyakazi wa mawakala wake, na sehemu ya manunuzi yake inayotoka kwa wazalishaji wa ndani. Serikali ni mteja mkubwa, na mteja mkubwa ana haki ya kuweka masharti.

Wanafunzi na wanaharakati wanaosoma hapa wasingoje wizara ianze. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: taja taasisi, taja mwaka wa fedha, omba orodha ya mikutano iliyofanyika katika hoteli pamoja na gharama zake. Ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi. Darasa moja la wanafunzi 30, kila mmoja akiandikia taasisi moja, litatupatia picha ambayo hatujawahi kuwa nayo.

Nanyi watumishi wa umma mnaopanga bajeti, mna nafasi iliyo bora kuliko ya mwanafunzi yeyote, kwa kuwa ninyi ndio mnaoandika jina la ukumbi kwenye dokezo. Kabla ya kuliandika, pigeni simu Karimjee, au chuo kilicho jirani, mwulize kama siku hiyo pana nafasi.