Mwinue Mwenzako: Wito kwa Wacheza Gemu wa Kericho na Bomet

Nawaandikia nyote mnaoingia uwanjani usiku, simu ikiwa kwenye chaji na bando la saa moja likihesabu dakika. Nawaandikia ninyi wa Litein na Kapkatet, wa Mogogosiek na Silibwet, wa Sotik na Kapsoit, mnaocheza Free Fire, PUBG Mobile na Call of Duty, mkigawiwa wenzenu na mashine, watu msiowajua jina wala sura. Sina ugomvi na gemu. Wazee wanaosema zimewaharibu vijana waendelee kusema, hao tutaketi nao siku nyingine. Leo nina haja moja tu: tunavyokaa na wale wageni watatu tunaowekwa nao kwenye skwadi kwa dakika kumi, au nusu saa, kisha tusionane nao tena.

Tuseme uko Kapkatet. Mashine imekupa mmoja anayesema Kiarabu, mwingine Kiswahili cha Dar es Salaam, na wa tatu yuko kimya kabisa. Mnashuka kwa parachuti Bermuda, kisiwa ambacho mcheza Free Fire anakijua kuliko njia ya kwenda kwa shangazi yake. Wanaoshuka ni watu 50. Dakika ya tatu yule kimya anaangushwa. Sasa sikiliza kinachotoka kwenye maiki. Mara nyingi ni hiki: "Wewe ni mjinga? Hukuwaona?"

Hebu lipime hilo neno. Halina habari yoyote ndani yake. Halimwambii aliyeanguka atambae kwenda wapi, wala halimwambii wa Dar adui yuko upande gani. Sasa lisikie hili: "Wawili nyuma ya ghala, mmoja nimempunguza damu. Tambaa uje kwa ukuta, nakuja." Pumzi iliyotumika ni ile ile, lakini sasa watu watatu wana kazi ya kufanya. Yule wa Kiarabu hakuelewa hata neno moja? Weka alama kwenye ramani, ataiona. Siku ambayo skwadi yako itazungumza hivyo mechi nzima utashangaa jinsi mnavyofika mwisho hata kama hakuna bingwa kati yenu.

Na kuna jambo moja kwenye gemu hizi ambalo nalipenda kuliko bunduki zake zote. Free Fire, kama PUBG, haimuui papo hapo mchezaji ambaye wenzake bado wako hai. Humwacha chini, akitambaa, damu ikipungua kidogo kidogo, mpaka mmoja aje amwinue. Anayeinua hawezi kufyatua risasi wakati huo. Mgongo wake uko wazi kwa kila mtu. Mimi humpima mchezaji hapo. Idadi ya aliowaua hainisumbui. Yuko mchezaji wa mauaji 12 anayempita mwenzake anayetambaa ili akaokote bunduki ya marehemu, halafu akifa wa mwisho anauliza kwa hasira skwadi yake ilikuwa wapi. Ilikuwa chini, ndugu yangu. Uliiruka.

Sisi watu wa nyanda hizi hatujaanza leo kufanya kazi na tusiokuwa ndugu nao. Kokwet ya Kipsigis, yaani mtaa wa majirani, haikuwa ya ukoo mmoja. Koo zetu zimetawanyika toka Kericho hadi Bomet na kuvuka, kwa hiyo aliyekaa ng'ambo ya ua wako aghalabu alikuwa wa ukoo mwingine kabisa, na ndiye mliyelima naye, mliyejenga naye, ndiye aliyesikiliza kesi yako mbele ya wazee. Haki yake kwako ilitokana na kuwa jirani. Skwadi ni ujirani wa dakika kumi. Mashine imewapa ua mmoja, na anayeanguka ndani ya ua huo ni wako kwa muda huo, apende asipende, upende usipende.

Mpe basi na nafasi ya kukwama. Mwenzako akisimama wima katikati ya uwanja huku risasi zinamiminika, usikimbilie kusema amelala. Mitambo inayoendesha gemu nyingi tunazocheza iko mbali na hapa, na kila unapobonyeza, ujumbe wako husafiri kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari na kuingilia Mombasa. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti na subira. Tarehe 12 Mei 2024, waya wa SEACOM na ule wa EASSy zilikatika kwa pamoja baharini, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikajikokota. Usiku ule, ni wangapi waliitwa wajinga kwa sababu ya waya uliokatika kwenye sakafu ya bahari? Na tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Hapa Kericho hata hatuhitaji makubwa hayo. Mvua ya mawe ya alasiri inatosha: ngurumo mbili, taa zimezimika, mlingoti wa simu nao unayumba, na mchezaji wako bora ametoweka mkiwa wanne bora.

Lakini haki hiyo ya kukwama ina upande wa pili. Kama bando lako limebaki la dakika tano, usiingie kwenye mechi ya skwadi. Cheza peke yako. Kama chaji imefika nyekundu, vivyo hivyo. Na mama akiita ukafunge ndama, ndama hasubiri, nenda. Lakini neno moja kwenye maiki, "natoka, ng'ombe", halichukui hata sekunde mbili, na wenzako watajua wako watatu sasa badala ya kukungoja mlangoni. Anayezima simu kwa hasira kwa sababu ameangushwa wa kwanza, huyo hana udhuru. Amewaachia wenzake mzigo wa watu wanne.

Mtasema wenye matusi ni wachache, watu wabaya fulani, na dawa yao ni kuwafungia. Kampuni ya Riot Games ya Marekani, yenye gemu ya League of Legends, ilidhani hivyo pia. Ikawaweka watafiti wachunguze mazungumzo ya wachezaji wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: wale watukutu wa kudumu walihusika na takriban asilimia 13 tu ya tabia mbaya. Asilimia 87 iliyobaki ilitoka kwa watu wa kawaida, ambao siku nyingi hawana neno na mtu. Yaani mtu aliyetoka kazini amechoka, aliyegombana nyumbani, aliyeshindwa mechi tatu mfululizo. Yaani mimi na wewe saa nne usiku.

Takwimu hiyo mimi inanipa moyo. Mtu aliyeoza ni vigumu kumponya kwa makala, lakini mtu aliyechoka unaweza kuzungumza naye. Watafiti hao hao walijaribu kitu kidogo: mazungumzo kati ya wapinzani yakazimwa tangu mwanzo, anayeyataka ayawashe mwenyewe. Baada ya wiki moja, maneno mabaya yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 30 na mazuri yameongezeka kwa karibu asilimia 35, ilhali watu waliendelea kuzungumza kama kawaida. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya kusema, mtu alilazimika kubonyeza kitufe kwanza. Na sisi tunacho kitufe chetu. Umeshindwa mechi ya pili kwa hasira? Zima maiki uingie ya tatu ukiwa bubu, au uweke simu chini, ukachemshe chai. Hapa kwetu majani hayakosekani.

Sasa nifike penye uzito. Kuna matusi ya kawaida, ya nubu na mshamba, ambayo mtu hucheka yakapita. Halafu kuna mchezaji anayesikia lafudhi ya mwenzake kwenye maiki, akamtambua ni Mkisii, au Mjaluo, au Mkipsigis, akaanza kumtukana kwa kabila lake. Hapo utani umekwisha. Sisi hatuwezi kujifanya hatujui maneno hayo huishia wapi. Mashamba haya ya chai yamevunwa kwa miaka na mikono ya jamii nyingi, watu wakiingia kwenye mistari ya michai bega kwa bega, wakikaa nyumba za kampuni ukuta kwa ukuta. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wa jamii nyingine, wakiwemo Wakisii wengi, walivamiwa humo humo walimoishi. Wako waliouawa, na wengi walikimbia na walichoweza kubeba. Wengi wenu mnaocheza leo hamkuwa mmezaliwa, au mlikuwa mnabebwa mgongoni. Sisi tulikuwepo, na tunakumbuka kwamba kabla ya mishale na moto yalitangulia majina ya kuwapachika watu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilitungwa kwa sababu ya msimu ule, na mnamo Aprili 2022 tume iliyoundwa chini yake ilitoa orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" likiwemo. Iko pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Lakini nisingependa mchezaji wa Bomet anyamaze kwa kuogopa polisi. Ningependa anyamaze kwa sababu yule Mkisii amembeba mgongoni mechi nzima na amemgawia risasi zake za mwisho. Na ukiwa wa tatu katika skwadi hiyo, uliyesikia tusi ukanyamaza, sema neno. "Wacha hiyo, tucheze" inatosha. Hakuna anayekudai hotuba.

Kwa dada zetu nina ombi la pekee, ila naliwasilisha kwa kaka zao. Wasichana wengi hucheza maiki ikiwa imezimwa, na sababu yake mnaijua: akisema neno moja tu, mechi inageuka kuwa maswali ya namba yake ya simu, au kejeli kwamba arudi jikoni. Kisha mnalalamika kuwa mwenzenu haongei. Mwaka 2018, Sylvia Gathoni, anayecheza Tekken kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani akiwa mwanafunzi wa sheria hapa Kenya, Mkenya wa kwanza wa kike kusajiliwa na timu ya nje katika michezo hii. Mwingine wa aina yake huenda yuko Longisa usiku huu, maiki imezimwa, anajua adui wako wapi na hawezi kuwaambia.

Wenye vyumba vya PlayStation mjini Kericho na Bomet, ninyi mna nguvu kuliko mnavyofikiri. Kwenu watu wanatazamana usoni, na aliyefungwa mabao matano anainuka kumpisha mwingine mbele ya macho ya kila mtu. Andikeni kwa kalamu nene ukutani, juu ya bei ya mechi: hapa hatutukanani kabila, na mnapeana mkono mkimaliza. Anayekataa, zamu yake imekwisha. Mteja mmoja atakasirika. Wazazi watano watawaruhusu watoto wao waje.

Na kuna jambo ningependa lifanyike likizo ndefu ijayo, shule zikishafungwa. Tuna masoko mawili ambayo kila palipochafuka siasa yalisikika kwenye taarifa ya habari: Sondu, pale Kericho inapokutana na Kisumu, na Chepilat, pale Sotik ya Bomet inapokutana na Borabu ya Nyamira. Siku za soko watu huuziana ndizi, mahindi na ng'ombe bila tatizo lolote. Kwa nini kusiwe na mashindano ya gemu hapo? Nasema mashindano ya skwadi, na skwadi zisiundwe na kijiji wala na marafiki. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi, yatiwe kwenye kofia, na wanne wanne watolewe kwa kura. Kijana wa Kapsoit ajikute na wa Nyakach, wa Kaplong na wa Borabu, wawe na nusu saa ya kujuana kabla ya kushuka kwa parachuti.

Gharama yake si kubwa. Kila mmoja anakuja na simu yake. Mwenye duka mwenye Wi-Fi anatoa intaneti ya siku moja na kuuza soda zake. Zawadi iwe ndogo, isije ikawagombanisha watu, na iende kwa skwadi nzima. Pointi zihesabiwe kwa kuinuana pia. Awekwe mtu nyuma ya kila skwadi na daftari, ahesabu nani alimwinua nani, na mwisho hesabu hiyo isomwe kwa sauti kabla ya mauaji kutajwa. Wazee wa pande zote mbili waalikwe, hata wale wasioipenda gemu, wapewe viti vya mbele na chai. Anayefahamiana na chifu wa Sondu au mwenyekiti wa soko la Chepilat aanze kumuuliza wiki hii, kwa sababu kibali huchukua muda, na siku ya kwanza isiangukie siku ya mnada wa ng'ombe.